Je, wajua mwanafunzi hawezi kulazimishwa kuimba wimbo wa taifa?

Asubuhi ukipita karibu na shule ya msingi ya serikali, iwe Mbagala, Tandale au Gongo la Mboto, utawasikia kabla hujawaona. Mamia ya watoto wamepanga mistari, viranja mbele, bendera inapanda, na "Mungu ibariki Afrika" inavuka ukuta mpaka barabarani. Mwalimu wa zamu anapita katikati ya mistari akikagua kucha na sare, na macho yake hayamkosi mtoto aliyesimama wima lakini hafungui kinywa. Ikiwa mtoto huyo anakaa kimya kwa sababu imani yake inamkataza kuimba, je, shule inaweza kumlazimisha, au kumfukuza?

Haiwezi. Jibu hilo lilitolewa mwaka 2013 na Mahakama ya Rufani ya Tanzania, ambayo hakuna mahakama iliyo juu yake nchini.

Kesi yenyewe inajulikana kwa jina la Zakaria Kamwela na wenzake 126 dhidi ya Waziri wa Elimu na Mafunzo ya Ufundi. Ilihusu wanafunzi wa Mashahidi wa Yehova waliosimamishwa au kufukuzwa shule kwa kutoimba wimbo wa taifa. Hawakuzomea, hawakumzuia mwenzao kuimba, hawakuichafua bendera. Walinyamaza tu. Mahakama Kuu iliwakatalia. Wakakata rufaa, na majaji wa Rufani wakawapa haki.

Wapo wanaoudhika wakisikia hivi, na ninawaelewa. Wimbo huu ninaupenda. Dar es Salaam ni jiji ambalo dawati moja linaweza kukaliwa na mtoto wa Kizaramo, wa Kihaya na wa Kimakonde, Mwislamu na Mkristo, na paredi ya asubuhi ni mahali pa kwanza wanapofanya jambo moja kwa sauti moja. Tangu uhuru, shule zetu zimefanya kazi kubwa ya kutufanya tujione watu wa nchi moja. Sitaki mtu yeyote aidharau kazi hiyo.

Lakini tuutazame wimbo wenyewe. Muziki wake ulitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg, na aliutunga kama wimbo wa kanisani. Tanganyika ilipoupokea mwaka 1961 ikaupa maneno ya Kiswahili, ila umbo la maombi lilibaki: kila ubeti unamwomba Mungu baraka. Kwa wengi wetu hapo ndipo uzuri wake ulipo. Kwa anayeamini kwamba dua haichanganywi na heshima kwa dola, hapo hapo ndipo penye shida. Anaambiwa aombe, hadharani, kwa namna ambayo dhamiri yake inaiona ni kosa mbele ya Mungu wake. Kumchapa au kumfukuza hakutamfanya aombe kweli. Kutamfundisha kuchezesha midomo tu, na sioni nchi inafaidika nini na midomo hiyo.

Kisheria, msingi uko kwenye Ibara ya 19 ya Katiba ya mwaka 1977, inayolinda uhuru wa mawazo, imani na uchaguzi katika mambo ya dini. Hati ya Haki za Binadamu iliingizwa kwenye Katiba mwaka 1984, na wananchi wakaanza kuitumia mahakamani mwaka 1988. Ni kweli kwamba Ibara ya 30 inaruhusu haki kuwekewa mipaka kwa ajili ya haki za wengine na usalama wa umma. Ila mtoto aliyesimama kimya mstarini anamdhuru nani? Na kuna jambo zito zaidi: Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mzazi ampeleke mtoto shule. Dola haiwezi kumlazimisha mtoto aje, kisha imtoe kwa sababu ya dhamiri yake.

Wamarekani walilipitia hili kwa uchungu. Mwaka 1940 Mahakama yao ya Juu, majaji wanane dhidi ya mmoja, iliruhusu shule ya Pennsylvania kuwafukuza watoto wawili, dada na kaka, waliokataa kuipigia saluti bendera. Mashahidi wa Yehova wakashambuliwa na makundi ya watu katika miji mbalimbali. Miaka mitatu tu baadaye, tarehe 14 Juni 1943, Marekani ikiwa katikati ya vita, mahakama ileile ikageuza uamuzi wake kwa kura sita dhidi ya tatu, katika kesi ya West Virginia dhidi ya Barnette. Jaji Robert Jackson aliandika kwamba hakuna kiongozi, mkubwa au mdogo, mwenye mamlaka ya kuamua watu waamini nini katika siasa, uzalendo au dini, wala kuwalazimisha walikiri kwa maneno. Jackson huyo ndiye aliyekwenda baada ya vita kuwashtaki viongozi wa Wanazi kule Nuremberg.

India nayo, mwaka 1986, iliwarudisha shuleni watoto watatu wa Kerala waliosimama kwa adabu bila kuimba. Zambia iliamua kinyume mwaka 1967, na msichana mdogo akashindwa kesi yake. Kwa hiyo Waafrika hatukuwa na jibu moja, na naona fahari kwamba Tanzania ilichagua hili.

Uhuru huu una mipaka. Haumruhusu mwanafunzi kukaa chini kwa dharau, kupiga kelele wenzake wakiimba, wala kutoroka paredi ili achelewe vipindi. Anasimama, ananyamaza, anawaacha wengine waimbe. Mzazi mwenye mtoto wa namna hii asingoje mgogoro: amwandikie mwalimu mkuu mapema, aeleze imani ya familia, aitaje hukumu ya 2013. Shule ikikataa, aende kwa afisa elimu kata, kisha wa wilaya. Mahakama zote za chini zinafungwa na hukumu hiyo, kwa hiyo hata akifika mahakamani hatakuwa anaanza upya.