Sifuri niliyoiandika bila saa

Asubuhi moja nilipima maji ya robine, yaani bomba, ya mtaa wetu hapa Goma. Kidonge cha kupimia klorini, dawa ya kuua vijidudu, kikayeyuka, maji yakabaki meupe, bila hata dalili ya waridi: klorini 0. Nikatuma kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, nikajiona mtu wa haki. Kesho yake robine haikuwa na foleni. Bidoni zote za njano zilikuwa zimeshuka ziwani.

“Papa, mulisema maji ya robine ni mbaya,” mama mmoja akaniambia, “njo tukaenda ku ziwa.”

Ziwani ndiko hakuna klorini kabisa, na mji huu unakijua kipindupindu tangu Julai 1994. Tena nilikuwa nimepima maji ya kwanza baada ya pampu kuwaka. Adhuhuri klorini ilikuwa imesharudi. Namba yangu ilikuwa ya kweli kwa saa moja tu, nami saa sikuiandika.

Hata namba nzuri inadanganya. Maji ya Ziwa Kivu, ndiyo hayo yanayopandishwa hadi robine zetu, yana pH (kipimo cha uchachu wa maji; 7 ni katikati) inayokaribia 9. Klorini hupenda pH iliyo chini ya 8. Ikipanda juu ya hapo, sehemu kubwa yake hugeuka kuwa umbo legevu, lisiloua vijidudu upesi. Kwa hiyo miligramu 0.5 za klorini kwa lita, baada ya kukaa majini dakika 30, hapa si sawa na 0.5 ya mji wenye maji ya pH 7. Anayetangaza klorini bila pH ametangaza nusu.

Hata hivyo natangaza. Januari 2025 umeme ulikatika, pampu zikasimama. Siku kama hizo, pasipo na taarifa, muuza bidoni ndiye msemaji wa maji, na bei anaitaja yeye. Vipimo vya kina cha ziwa navyo vitolewe kila siku: Kivu ni letu na la Rwanda, linamwagika kwa mto Ruzizi hadi Tanganyika, na umeme wa Ruzizi II unagawanywa kwa Kongo, Rwanda na Burundi. Kila nchi ikifungia daftari lake, maji yakipanda au yakishuka jirani ndiye mshukiwa.

Ramani ya pampu na matangi siitoi. Tunaishi kwenye vita.

Siku hizi naandika mahali, saa, pH, klorini, na robine salama iliyo karibu. Vijana wa kundi wanalalamika kuwa ninawamalizia mega za intaneti.