Bata, bunduki na vinamasi: mambo tunayoyachanganya

Juzi nilikuwa Bahi, Dodoma, majaruba ya mpunga yamekauka udongo umepasuka nyufa za kuingiza mkono, kuna jamaa alikuwa anachimba kambale kwa jembe. Stori zikafika kwenye mabwawa na ndege, nikamwambia mzee mmoja pale kwamba Marekani wawindaji wa bata ndio wamelipia sehemu kubwa ya vinamasi vilivyookolewa. Akaguna. "Mwindaji na kutunza bata wapi na wapi, mwanangu?"

Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea, tunadhani mwindaji siku zote anamaliza tu. Ukweli ni kwamba ukame wa miaka ya 1930 uliwatisha wawindaji wenyewe, bata walipungua vibaya, na mwaka 1934 ikapita sheria kwamba ukitaka kuwinda bata lazima ununue stempu ya serikali kila mwaka. Ya kwanza ilikuwa dola 1, ina mchoro wa bata wawili wanatua majini. Leo ni dola 25, na katika kila dola senti 98 zinaenda kununua au kulinda makazi ya ndege, zimeshapatikana ekari zaidi ya milioni 6. Halafu 1937 wawindaji wakaanzisha Ducks Unlimited, shirika la kutunza makazi ya bata, na kazi zao za mwanzo walienda kufanyia Kanada, maana kule ndiko bata wengi wanakototolewa.

Wengine wanaruka upande wa pili, eti basi serikali haina mkono, ni michango tu. Sio kweli hata kidogo. Sheria ya 1989 ya ardhioevu za Amerika Kaskazini inatoa ruzuku ya serikali kuu, ila kila dola ya ruzuku lazima ikutane na angalau dola 1 kutoka nje ya serikali hiyo, yaani vikundi, majimbo, wenye mashamba. Mimi naona hapo ndipo penye akili yote, hakuna anayekaa pembeni akimsubiri mwenzake.

Na hili linaniuma zaidi, dhana kwamba kurudisha kinamasi ni kufukuza watu. Naelewa linatoka wapi, kwenye ardhioevu ya Usangu, Mbeya, mwaka 2006 wafugaji waliondolewa na watu hawajasahau. Lakini kule Marekani sehemu kubwa ya kazi inafanyika ndani ya mashamba ya watu, mkulima analipwa na anabaki na ardhi yake, mfereji uliokuwa unakausha unazibwa kwa udongo, maji yanarudi, na mbegu za majani zilizolala chini miaka zinaota tena bila kupandwa.

Wanaosema kinamasi ni pori la mbu tu, hilo nalipita haraka: mto Ruaha Mkuu unaoingia bwawa la Mtera unapita kwanza kwenye kinamasi cha Usangu, na tangu miaka ya 1990 umekuwa ukikauka kiangazi, sasa hesabu mwenyewe umeme wa mabwawa ya Mtera na Kidatu.

Ila tusidanganyane kwamba tutanakili tu. Wawindaji wa vitalu vyetu wanafuata nyati na chui, hawana haja na bata wa Bahi, kwa hiyo stempu ya bata hapa haitauzika. Wanaoihitaji Bahi ni wa mpunga na samaki. Ningekuwa na sauti halmashauri ningeomba kipande cha ushuru wa mpunga kirudi kuutunza mto Bubu unaoleta maji Bahi, na serikali kuu iweke kiasi kilekile.