Dawa ya Kikohozi Imefanya Kazi, au Ni Bahati Tu?

Daktari, Juni na Julai baridi ya Mbeya ikikaza wengi tunakohoa. Sokoni Mwanjelwa kuna dawa ya mizizi. Kati ya watu kumi ninaowajua walioinywa, wanane wamepona ndani ya wiki. Huo si ushahidi?

Ni dokezo, ila kikohozi cha mafua huondoka chenyewe. Tuseme nusu ya wanaokohoa hivyo hupona ndani ya wiki bila kunywa chochote. Mtafiti huanza kwa kuchukulia kwamba dawa haina kitu. Hiyo ndiyo nadharia tete anayoipima. Kisha hupiga hesabu: kama kweli haina kitu, kuna uwezekano gani wa wanane au zaidi kati ya kumi kupona kwa bahati? Ni kama asilimia 5.5, na namba hiyo ndiyo huitwa thamani ya p. Kwa desturi iliyoenezwa na Ronald Fisher wa Uingereza kuanzia 1925, ikiwa chini ya asilimia 5, nadharia ya "haina kitu" hukataliwa. Dawa yenu imekosa padogo.

Halafu waliokunywa wasipone huwa hawarudi sokoni kusimulia. Ndiyo maana jaribio la kweli hugawa watu kwa kura, wengine wapewe dawa na wengine kitu kinachofanana nayo ila hakina dawa ndani, na kila mmoja huhesabiwa.

Imekosa, basi haiponyi?

Hapana! Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Tuseme dawa inafanya kazi kweli, inapandisha wanaopona kutoka 50 hadi 70 katika kila 100. Ukiijaribu kwa watu kumi tu, lazima wapone tisa au wote ndipo ivuke kipimo. Majaribio kama 85 kati ya 100 ya ukubwa huo yataikosa. Hilo ni kosa la aina ya pili: dawa inaponya, ila jaribio halikuliona hilo. Kwa hiyo ukisikia "utafiti haukuonyesha tofauti", uliza kwanza walikuwa watu wangapi.

Na aina ya kwanza?

Kuipitisha dawa isiyo na kitu. Ukipima dawa 20 zisizo na kitu kwa kipimo cha asilimia 5, uwezekano wa angalau moja kupita ni kama asilimia 64. Atakayeitangaza hiyo moja na kuzificha 19 anawadhuru wagonjwa.

Majaribio makubwa nayo?

Yanahitaji kurudiwa. Chanjo ya VVU iliyojaribiwa Thailand kwa watu zaidi ya 16,000 ilitoa majibu mwaka 2009: maambukizi 51 kwa waliochanjwa, 74 kwa wasiochanjwa, p ikiwa 0.04, yaani asilimia 4. Toleo lililorekebishwa likajaribiwa Afrika Kusini kwa watu zaidi ya 5,400; mwaka 2020 uchanjaji ukasimamishwa, maambukizi yakiwa 129 kwa waliochanjwa na 123 kwa wengine. Chanjo na virusi vilitofautiana, hivyo siliiti jibu la Thailand kosa. Lakini wangetosheka nalo, watu wangechanjwa bila kinga.

Sasa mizizi niache?

Kikohozi kikifika wiki mbili, usikiuguze kwa mizizi. Nenda kituo cha afya upimwe kifua kikuu. Kwenye vituo vya serikali huduma hiyo ni bure. Vipimo navyo huweza kukosa ugonjwa uliopo: ukiambiwa huna, na bado unakohoa, unakonda na kutoka jasho usiku, rudi ukapimwe tena.