Je, wajua kwa nini Mkristo husema amejisalimisha kwa Kristo bila kujiona ameshindwa?

Katika Soko la Mwanjelwa jijini Mbeya, mtu akipita kati ya wauza viazi na maharage atasikia "Bwana Yesu asifiwe" mara nyingi kuliko anavyoweza kuhesabu, na atasikia "Amina" ikijibiwa na mwenye kupima ndoo bila hata kuinua macho. Salamu hii imezoeleka kiasi kwamba neno lake la kwanza halimshtui mtu. Hata hivyo, watu wale wale wakisimama kanisani kutoa ushuhuda husema jambo zito zaidi: "Nimempa Yesu maisha yangu," au "Nimejisalimisha kwa Bwana," na waumini hulipokea kwa vigelegele. Asiyeizoea lugha ya kanisani ana haki ya kushangaa. Katika Kiswahili cha kila siku, anayejisalimisha ni mtuhumiwa anayejipeleka mwenyewe kituo cha polisi, na anayesalimu amri ni askari aliyeishiwa risasi. Imekuwaje basi neno la kushindwa likapigiwa vigelegele?

Swali hilo lina makali ya pekee kwa mtu wa Iringa. Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, baada ya ngome yake ya Kalenga kuangushwa na Wajerumani mwezi Oktoba 1894, aliendelea kupigana porini kwa karibu miaka minne, na tarehe 19 Julai 1898, adui walipomkaribia, alijipiga risasi kuliko kutiwa mikononi mwao. Fuvu lake lilirudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954 na limehifadhiwa Kalenga. Watoto wa Uhehe hukua wakiisikia habari hiyo kama habari ya heshima. Kwa hiyo mhubiri anayesimama Iringa na kusema "salimu amri" anatumia maneno ambayo udongo anaoukanyaga una sababu ya kuyakataa, na ni vema alijue hilo kabla hajafungua kinywa, kwa maana jibu la swali letu linaanzia hapo hapo: uzito wote wa kujisalimisha uko katika tabia ya yule anayekupokea.

Tulitazame kwanza neno Bwana. Agano Jipya liliandikwa kwa Kigiriki, na neno linalotafsiriwa Bwana ni Kurios. Lilikuwa neno la kawaida kabisa, aliloitwa mwenye shamba na mwenye watumwa, kama sisi tunavyosema bwana wa fulani kwa maana ya mumewe, au bwana shamba anayekuja kukagua mahindi. Lakini katika tafsiri ya Kigiriki ya maandiko ya Kiyahudi, ambayo Wakristo wa kwanza waliisoma, neno hilo hilo limesimama mahali pa jina la Mungu mwenyewe. Hivyo Paulo anapowaandikia Warumi kwamba "ukimkiri Yesu kwa kinywa chako ya kuwa ni Bwana, na kuamini moyoni mwako ya kuwa Mungu alimfufua katika wafu, utaokoka," hasemi habari ya kumpa Yesu jina la heshima. Anasema habari ya kumkubali kuwa mwenye neno la mwisho.

Watawala wa Roma walilielewa jambo hili vizuri kuliko waumini wengi wa leo. Polikarpo, askofu wa Smirna, mji ambao sasa uko Uturuki, alikamatwa akiwa mzee sana katikati ya karne ya 2, akabembelezwa aseme tu maneno mafupi, "Kaisari ni Bwana," atoe na ubani kidogo, aende zake nyumbani. Alijibu kwamba kwa miaka 86 amemtumikia Kristo wala hajatendewa baya naye hata mara moja, na akauliza atawezaje kumkufuru Mfalme wake aliyemwokoa. Aliuawa. Inafaa kulitazama jibu hilo kwa makini, kwa sababu ndani yake mzee huyu hakutaja jehanamu wala adhabu. Alitaja jinsi Bwana wake alivyomtendea.

Hapa ndipo mamlaka ya Kristo, kama Wakristo wanavyoyaelewa, yanapoachana na mamlaka ya bunduki. Katika waraka kwa Wafilipi, sura ya 2, Paulo anaeleza kwamba Kristo, ingawa alikuwa na namna ya Mungu, alijinyenyekeza akawa mtii hata mauti ya msalaba, na kwamba kwa sababu hiyo Mungu alimwadhimisha ili kila goti lipigwe kwa jina lake. Kwanza utii, ndipo enzi. Usiku wa Gethsemane yeye mwenyewe alisali, "walakini si mapenzi yangu, bali yako yatendeke," maneno ambayo kila anayejisalimisha kwake huyarudia kwa namna moja au nyingine. Anayedai kutiiwa alitii kwanza, na ilimgharimu kuliko itakavyomgharimu mfuasi yeyote.

Katika nyanda za juu kusini fundisho hili lilifika wakati mgumu. Mwaka 1891, mwaka ule ule ambao jeshi la Mkwawa liliwashinda Wajerumani huko Lugalo, wamisionari wa Moravian, kanisa la Kiprotestanti, na wale Walutheri wa misheni ya Berlin walifika Unyakyusa, na Rungwe ikawa kituo cha Wamoravian. Si vema kulificha: walioleta habari za Bwana huyu walizungumza lugha moja na wale walioleta mizinga, na ilihitaji jicho kali kuwatenganisha mabwana wawili. Wahehe walimwita mtawala wao Mtwa. Wanyakyusa wa nyanda hizo hizo humwita Yesu Ntwa. Neno lilikuwa na uzito tayari, kwa sababu watu walimjua mtawala ni nani na utii ni nini.

Jicho hilo lilisaidiwa na alama moja ambayo Wamoravian huibeba popote waendapo. Katika nembo yao yuko mwanakondoo aliyebeba bendera ya ushindi, na maneno yake kwa Kiswahili ni "Mwanakondoo wetu ameshinda, tumfuate." Hakuna dola inayomweka mwanakondoo kwenye bendera yake ya vita. Picha hiyo imetoka katika Ufunuo, sura ya 5, ambapo Yohana anaambiwa kwamba Simba wa kabila la Yuda ameshinda, na anapogeuka kumtazama simba, anamwona Mwanakondoo amesimama kana kwamba amechinjwa.

Wamoravian hao hao wanayo habari nyingine ambayo ningependa ijulikane zaidi hata Mbeya kwenyewe, walikojaa. Katika karne ya 18 kanisa lao, lililokuwa na makao Herrnhut huko Ujerumani, lilikuwa na cheo cha Mzee Mkuu, aliyebeba mzigo wa kiroho wa kanisa zima. Leonhard Dober, aliyekishika cheo hicho, aliomba kuachia, na katika mkutano uliofanyika London mwezi Septemba 1741 hakupatikana mtu wa kukirithi. Viongozi waliomba, wakatafakari, na tarehe 16 Septemba wakakubaliana kwamba cheo hicho hakitapewa mwanadamu tena: Mzee Mkuu ni Kristo mwenyewe. Habari ilitangazwa katika makanisa yao tarehe 13 Novemba 1741, na siku hiyo huadhimishwa na Wamoravian hadi leo. Mtu anaweza kuliona kama fumbo la maneno tu. Mimi naliona kama uamuzi wa kiutawala, wa watu waliotambua kwamba kuna kiti ambacho mwanadamu akikikalia kitamharibu yeye na waliomketisha.

Kwa Wakatoliki, mwezi huo huo una Sherehe ya Kristo Mfalme, iliyoanzishwa na Papa Pius XI mwaka 1925 na ambayo sasa huangukia Jumapili ya mwisho kabla ya Majilio, majuma ya kujiandaa kwa Krismasi. Katika nyanda za juu kusini huo ni wakati wa kutazama mawingu. Mbegu na mbolea vimetafutwa, na huko Usangu, bonde la mpunga la Mbarali, maksai huandaliwa kwa ajili ya plau.

Na maksai ndio wanaoweza kutufafanulia maneno ya Yesu yaliyo maarufu kuliko yote kuhusu jambo hili: "Jitieni nira yangu, mjifunze kwangu, kwa kuwa mimi ni mpole na mnyenyekevu wa moyo." Nira ni mti mmoja unaolazwa juu ya shingo za ng'ombe wawili. Dume changa lisilozoea halifungwi na changa mwenzake. Hufungwa na maksai mzee anayejua shamba. Kijana hutangulia mbele ameshika kamba, mtu mzima hushika mikono ya plau nyuma, na kwa siku za kwanza lile changa hurukia pembeni, hupiga magoti, huvuta kabla ya wakati, huku mzee akiendelea kwa mwendo wake ule ule. Siku zinavyokwenda, changa hujua mahali pa kugeukia kabla kijana hajavuta kamba. Ikumbukwe pia kwamba nira iliyochongwa vibaya hutoa kidonda shingoni, na ng'ombe mwenye kidonda halimi. Yesu anaposema "nira yangu ni laini," neno la Kigiriki lililotumika hubeba maana ya kitu chema, kinachofaa. Wahubiri hupenda kusema kwamba maksai mzee katika mfano huo ni Kristo mwenyewe. Andiko halisemi hivyo waziwazi, lakini "mjifunze kwangu" inaukaribisha ufafanuzi huo, nami siwezi kuwalaumu.

Namna ya kuingia katika nira hutofautiana kati ya kanisa na kanisa. Kwa Wapentekoste, mtu huitwa mbele, huongozwa sala ya toba, na tarehe hiyo huikumbuka. Kwa Wakatoliki na Walutheri, jambo hilo limefungwa katika ubatizo na kipaimara, ambapo mtu huulizwa kama anamkataa Shetani na kazi zake zote. Yerusalemu katika karne ya 4 mbatizwa alisimama akielekea magharibi akimkana Shetani, kisha akageuka mashariki kumkiri Mungu. Kugeuka huko kwa mwili mzima kunalieleza tendo vizuri kuliko hotuba.

Penye ugumu ni baada ya hapo, na kwa wakulima na wafanyabiashara wa huku ugumu mara nyingi una umbo la gunia. Mwenye kununua viazi shambani anajua lumbesa ni nini: gunia linajazwa mpaka mdomo, kisha juu ya mdomo hufumwa kamba kama wavu na viazi vingine hurundikwa humo, na mkulima hulipwa bei ya gunia moja. Mnunuzi huyo anaweza kuwa ameokoka miaka kumi iliyopita na kuimba kwaya kila Jumapili. Maneno ya Yesu katika Luka, "Na kwa nini mwaniita Bwana, Bwana, walakini hamyatendi nisemayo?" yanalihusu gunia lake moja kwa moja. Zakayo, mtoza ushuru wa Yeriko, hakuambiwa na Yesu arudishe kitu. Alisimama mwenyewe akasema atawapa maskini nusu ya mali yake na kumrudishia mara nne kila aliyemnyang'anya kwa hila. Ndipo Yesu akasema wokovu umefika katika nyumba ile.

Jambo moja lapaswa kusemwa bila kuzunguka. Kujisalimisha kwa Kristo si kujisalimisha kwa mchungaji, nabii au mtume yeyote anayejitangaza kwa vipaza sauti. Anayetaka kuamua utaoa nani, utauza shamba lini na utampa yeye kiasi gani, kwa madai kwamba kumpinga yeye ni kumpinga Bwana, amekikalia kile kiti kilichoachwa wazi London mwaka 1741.

Watu huuliza pia kama tendo hili hufanywa mara moja au kila siku. Luka anaandika kwamba anayetaka kumfuata Yesu ajitwike msalaba wake "kila siku," na Petro ni ushahidi wa kutosha. Alikwisha kuacha nyavu, alikwisha kukana mara tatu na kurejeshwa, alikwisha kuhubiri mbele ya maelfu, na bado katika Matendo ya Mitume, sura ya 10, alipoamriwa katika maono kuchinja na kula wanyama aliowahesabu kuwa najisi, alijibu, "Hasha, Bwana." Alikataa na kumwita Bwana kwa pumzi ile ile. Maono yakamjia mara tatu. Kesho yake alifunga safari na wageni waliotumwa kwake, kwenda Kaisaria, kwenye nyumba ya askari wa Kirumi ambayo maisha yake yote hakuwahi kufikiri kuingia.