Madoa kwenye majani ya mianzi: yanayosemwa na ukweli wenyewe

Mianzi ikitoka madoa tu utasikia "hiyo fangasi, nenda duka la pembejeo kachukue dawa ya ukungu upulize". Hii ndio dhana inayomaliza hela za watu kuliko zote, manake madoa yana vyanzo vingi na dawa ya fangasi haimfanyi kitu mdudu wala haiondoi chumvi kwenye udongo. Kabla hujatoa hata shilingi, geuza jani uangalie upande wa chini.

Ukikuta juu ya jani kuna vipande vya weupe au njano vimejipanga kwa mistari kufuata mishipa, alafu chini yake, palepale kwenye weupe, kuna utando mwembamba unaong'aa, huo ni utitiri. Kwangua ule utando kwa ukucha juu ya karatasi nyeupe, uvute karibu kwa kamera ya simu, utaona vidoti vinatembea. Wanaishi na kutaga mayai humo ndani ya utando na ndio maana ukipuliza dawa juujuu haiwafikii. Na hapa kuna dhana nyingine, eti dawa yoyote kali ya wadudu itawamaliza, hapana, dawa nyingi za wadudu haziui utitiri, zinaua wale wadudu wazuri wanaowala, kwahiyo wiki chache baadae unakuta wamezidi mara dufu. Kata matawi yaliyoathirika sana uchome, yaliyobaki piga maji ya presha kwa chini mpaka utando uchanike, ndio upulize maji ya sabuni laini au dawa iliyoandikwa kabisa kwamba ni ya utitiri, na urudie kama lebo inavyosema maana mayai huwa yanabaki. Sabuni ya unga ya kufulia usiweke, inachoma majani.

Weusi nao unadanganya sana. Chukua kitambaa kibichi ufute, ukitoka ujue ni masizi, yaani ukungu unaoota juu ya ule utamu unaonata wanaoutoa vidukari na vidung'ata. Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka kwenye shina basi wafuate, bandua yale maganda yanayoshika pingili na mara nyingi utawakuta vidung'ata wamejificha humo na unga wao mweupe. Ondoa hao na masizi yatakosa chakula.

Sasa fangasi wa kweli yupo. Doa lake ni la kahawia, katikati pamekauka, pembeni pana njano, na ukifuta halitoki. Ukipitisha kidole chini ya jani kikatoka na unga wa rangi ya chungwa, hiyo ni kutu. Hata hapo watu wanaharakia kung'oa kichaka kizima, wakati madoa ya majani mara nyingi hayaui mwanzi uliokomaa, ni unyevu tu umekaa ndani kwa sababu kichaka kimebanana. Toa mashina yaliyozeeka hewa ipite, ufagie majani yenye madoa yaliyoanguka, acha kumwagilia juu ya majani jioni, mwaga chini kwenye shina asubuhi. Dawa yenye kopa (shaba) inakinga majani mapya, doa lililopo haliponi na jani halirudi kuwa kijani, kwahiyo usipime kazi ya dawa kwa majani ya zamani, angalia yanayochipua.

Kuna wanaoona majani ya ndani yanageuka njano na kudondoka wakadhani ugonjwa, hayo ni majani yaliyozeeka yanapisha mapya, yaache. Na ncha zikikauka kahawia bila doa lolote katikati, fikiria maji na mbolea: wengi Dar tunamwagilia maji ya kisima na visima vingi vya huku pwani vina chumvi, na mbolea nyingi ya dukani inafanya vilevile. Mwagilia maji mengi yasiyo na chumvi yaisukume chini, mbolea pumzisha.

Alafu huu mwanzi wa bahati wa kwenye chupa sebuleni sio mwanzi kabisa jamani, ni Dracaena sanderiana, kwahiyo haya yote ya mianzi usiyapeleke kule. Ncha zake zinaungua kwa klorini na floraidi, na waliopo Arusha na Kilimanjaro wanajua maji ya kule mengi yana floraidi nyingi. Watu wanasema chemsha maji au yaache wazi usiku kucha, klorini inaweza kuondoka lakini floraidi haiendi popote, na ukichemsha inazidi kukolea sababu maji yanapungua. Tumia ya mvua.

La mwisho, na hili naomba watu wa Iringa na Njombe mlichukulie kwa uzito. Eti mwanzi wa kugema ulanzi, ile pombe ya utomvu wa mwanzi, unapulizwa tu kama miti mingine. Zipo dawa zinazoingia ndani na kutembea na utomvu, na ule utomvu unaotoka kwenye chipukizi kila siku msimu wa mvua ndio huohuo watu wanaunywa. Kwenye mianzi ya ulanzi fanya kazi kwa panga, maji na ufagio tu, na kama mtu alishapuliza, usigeme hapo msimu huo.