Upendo wa Kikristo Wenye Ujasiri ni Nini?

Upendo wa Kikristo wenye ujasiri ni uamuzi wa kumtendea mema na kumkubali kuwa ndugu mtu ambaye watu wa upande wako wanamwona adui au mgeni asiyeaminika, huku ukijua kwamba huenda ukalaumiwa na watu wako mwenyewe. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo husahaulika. Wengi hudhani ujasiri ni kumkabili adui, ilhali lawama za nyumbani huogopesha zaidi.

Wagalatia 2:11–14 inalionyesha jambo hilo waziwazi. Petro alipokuwa Antiokia alikula pamoja na waamini wasio Wayahudi, lakini walipofika watu waliotoka kwa Yakobo, kiongozi wa kanisa la Yerusalemu, akajitenga, kwa kuwaogopa waliotahiriwa, yaani Wayahudi, na Wayahudi wengine, hata Barnaba, wakamfuata. Hatuambiwi kwamba Petro aliwachukia watu wa Mataifa, yaani hao wasio Wayahudi. Alichokosa ni uthubutu wa kuonekana nao mezani. Paulo alimpinga ana kwa ana mbele ya wote.

Mkoani Kigoma mifano haiko mbali. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilianzishwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo, na kuanzia mwaka 2015 ikapokea Warundi wengi. Kiha, lugha ya Waha ambao ni wenyeji wa Kigoma, na Kirundi vinakaribiana mno, kwa hiyo Muha na Mrundi huelewana bila mkalimani. Kinachowagombanisha ni kuni, mashamba na tuhuma za wizi. Mbuzi akipotea kijijini usiku, wapo watakaoitaja kambi kabla hata zizi halijakaguliwa. Mkristo akisimama kwenye mkutano wa kijiji na kuuliza ni nani aliyemwona mkimbizi akiiba, hajahubiri wala hajamtetea mwizi, lakini kesho yake anaweza kuitwa wakili wa wakimbizi, na jirani akampita njiani bila salamu. Kwa Waha, ambao husalimiana kwa kuinama na kupiga makofi, kunyimwa salamu ni adhabu nzito. (Kualika kwaya ya wakimbizi siku ya Pasaka ni jambo jema, ila kwa maoni yangu ndilo rahisi kuliko yote.)

Upendo huu haumaanishi kufumbia macho kosa. Mathayo 18:15 inaagiza kwamba ndugu akikukosea, uende ukamwonye mkiwa wawili peke yenu, kabla habari haijafika sokoni. Kwa hiyo mwenyeji aliyekatiwa miti ana haki ya kusema na kudai fidia, kwa kuwa msamaha haufuti deni la mali iliyoharibiwa. Mkimbizi Mkristo naye ana wajibu mgumu vilevile: kumwambia mwenzake wa kambini, ambaye huenda walikimbia vita pamoja, kwamba ule mti alioukata una mwenyewe na inafaa waende wakamwone, hata kama kwa kusema hivyo ataonekana msaliti.