Duara ni la nani? Dhana potofu kuhusu poti na violesura kwenye michoro ya programu

Ofisi yangu iko Kondele, orofa ya pili, na boda zikianza kelele chini huko lazima mtu apaze sauti. Kwa hiyo wiki jana mteja alipofungua laptopu na kunionyesha mchoro wake wa UML, ile lugha ya alama za kuchora mifumo ya programu, jengo zima lilimsikia: “Mwalimu, si M-Pesa ndiyo inatuletea matokeo ya malipo? Basi duara ni lao.” Ni wa tatu mwezi huu. Nimechoka kulisema hili mdomoni, acha niliandike.

Dhana: Anayetuma data ndiye mwenye duara

Hapana. Kiolesura ni orodha ya kazi ambazo kipande cha programu kinaweza kuitwa kuzifanya. Duara ni kiolesura kinachotolewa, na nusu duara, kile kikombe, ni kiolesura kinachohitajika. Data inaelekea wapi si hoja. Mwenye duara ni yule aliyeahidi kufanya kazi fulani akiitwa. Nenda kwenye mashine ya kusaga: mahindi yanaingia, unga unatoka, pesa zinaingia, chenji inatoka. Vitu vinapita huku na huku, lakini kusaga ni kazi ya mwenye mashine, kwa hiyo duara ni lake. Wewe uliyebeba debe una kikombe.

Sasa chukua ombi la STK, lile la kumtaka mtu alipe kwa simu yake. Komponenti yetu ya malipo, yaani kipande cha programu kinachoshughulikia malipo, inaiomba M-Pesa imtokezee mwanachama dirisha la kuweka PIN. Kazi hiyo inafanywa na M-Pesa: duara lao, kikombe chetu. Jibu linarudi papo hapo, lakini linasema tu kwamba ombi limepokelewa. Matokeo yenyewe huja baadaye, mwanachama akishaweka PIN au akishakataa, na huja kwa M-Pesa kuita anwani tuliyoiandika ndani ya ombi. Anayeitwa hapo ni nani? Ni sisi. Duara letu, kikombe chao. Poti, yaani mahali komponenti inapokutana na wenzake, ni moja, violesura ni viwili, kimoja kinatolewa na kingine kinahitajika, na UML haina shida yoyote na hilo.

Kuna watakaosema hayo ni mambo ya kuchora tu. Niliwahi kuitwa kukagua mfumo wa chama kimoja cha akiba na mikopo. Mchoro ulikuwa na mshale mmoja, wa kijani, wa kupendeza kweli, kutoka “Malipo” hadi “M-Pesa”. Kwa kuwa upande wa chama haukuwa na duara, hakuna aliyepewa kazi ya kuandika sehemu ya kupokea matokeo. Programu iliona 0, namba ya kusema ombi limepokelewa, kwenye jibu la kwanza, ikaamini mtu amelipa, ikatoa risiti. Kumbe mwanachama alikuwa amekatisha, na namba ya matokeo, 1032, iliyoeleza hivyo ilibisha hodi mahali pasipo na mtu. Mweka hazina alibaki akilinganisha risiti na taarifa za M-Pesa, moja baada ya nyingine.

Kwa hiyo kabla hujafungua programu ya kuchorea, shika penseli. Andika jina la kila operesheni, yaani kila kazi inayoitwa, kisha ujiulize nani anaitwa. Si nani anatuma. Ukikosa hata jina la operesheni, bado hujui unachora nini, na rangi ya kijani haitakusaidia.

Dhana: Poti ni ile namba ya mtandao, 443 au 8080

Zimefanana jina tu. Poti ya UML ni mraba mdogo ukingoni mwa komponenti, mahali inapokutana na wenzake. Komponenti mbili zinaweza kukutana hapo ndani ya programu moja, bila mtandao wowote. Namba iandike kwenye mchoro wa seva.

Dhana: Vile vistatili viwili vinavyochomoza kushoto ndizo poti

Hiyo ni alama ya komponenti ya enzi za UML 1. UML 2.0, iliyotoka rasmi mwaka 2005, ndiyo iliyoleta poti, na alama ile ya kale ikabaki kuwa ikoni ndogo pembeni juu. Ukiona mtu anavutia mistari kwenye vistatili hivyo, jua noti zake ni za zamani.

Dhana: Kila komponenti lazima iwe na poti

Si lazima. Ikiwa kiolesura ni kimoja na hakuna cha kupanga, bandika duara ukingoni moja kwa moja.

Dhana: Ukishachora poti ya nje, umemaliza

Huyu mteja wa wiki jana alirekebisha duara, akafurahi, akataka kuondoka. Ndani ya komponenti yake kulikuwa na visanduku vitatu, na hata kimoja hakikuunganishwa na poti. Kama komponenti yenyewe ndiyo inayojibu, sawa, chora poti ya tabia, ile inayopeleka wito kwa komponenti yenyewe. Kama sivyo, lazima kuwe na kiunganishi cha kukabidhi, kutoka poti ya nje hadi sehemu ya ndani inayofanya kazi.

Nikamuuliza: “Matokeo yakiingia hapa, nani anayapokea?”

Akautazama mchoro, akatazama dirishani, kisha akaniomba penseli.